Wageni Ambao Hawakuzaliwa

Alhamisi hiyo alasiri Mirra Gurfinkel alikuwa akipiga pasi shati jeupe la mwanawe, simu ameibana kati ya sikio na bega, akimsikiliza binamu yake wa Ashdod akieleza habari za magoti yake. Magoti yalikuwa yamevimba. Daktari alikuwa amekataza ndege. Na hata kama daktari asingekataza, binamu alisema, siku hizi nani anasafiri kwa raha? Mirra alisema pole, akageuza kola, akasema pole tena. Huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kualikwa. Wa Cologne walikataa tangu Pasaka, na yule wa Montreal hakuwahi hata kupokea simu.

Alichomoa pasi ukutani, akaingia chumbani kwa bibi yake.

Bibi Ghitl alikuwa amepita miaka tisini, na tangu majira ya baridi hakuweza kushuka kitandani bila kushikwa. Kuhusu siku ambayo Danik, kitukuu wake, angetimiza miaka kumi na mitatu na kuitwa mbele ya watu kusoma Torati, alikuwa na sharti moja tu. Hakutaka keki ya ghorofa wala wapiga fidla. Alitaka vizazi vyote.

"Wamekataa," Mirra alisema.

"Akina nani?"

"Wote, Bibi. Tumebaki sisi watatu, na Yefim, Mungu akimfikisha."

Yefim alikuwa mumewe, dereva wa lori la mizigo, ambaye mwaka mzima alikuwa njiani baina ya Poland na Ujerumani.

"Hao uliowapigia ni wale walioondoka," Bibi Ghitl alisema. "Mimi nilikwambia wote. Wa kwa Perl umewaalika? Wa kwa Motl?"

Perl alikuwa dada yake mkubwa na Motl mdogo wake. Perl alikuwa ameshaposwa, na Motl ndiyo kwanza anajifunza kupiga mbinja, kiangazi kile cha vita askari walipoingia Brinzova na Wayahudi wa mji wakapelekwa kwenye machimbo ya mchanga nyuma ya kiwanda cha sukari, wasirudi. Ghitl alikuwa ametumwa kijiji cha pili kufuata maziwa. Mirra alikua na habari hiyo nyumbani kama watoto wengine wanavyokua na kabati la bibi yao.

"Wale hawana simu, Bibi."

"Basi mtume mtoto."

Danik alikwenda. Alipanda baiskeli hadi machimboni, akasimama ukingoni, akangoja dereva wa lori la mchanga azime injini. Kisha akataja kwa sauti majina aliyoambiwa, akataja Jumamosi ya pili ya Juni, saa tatu asubuhi, chumba cha sala cha juu ya duka la dawa. Dereva alimuuliza kama anasema naye. Danik alisema hapana. Dereva akawasha sigara, akamuuliza kama amemaliza. Mtoto akarudi nyumbani na miiba ya majani kwenye soksi, akaomba chakula.

Kesho yake mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamume wa miaka sitini na ushee, mnene, suti ya kijivu imembana tumboni, na pua ya ukoo katikati ya uso.

"Sabato njema, ingawa nimewahi," alisema. "Mimi Nahum. Mtoto wa pili wa Perl."

Mirra alifuta mikono kwenye aproni. "Perl aliuawa kabla hajaolewa."

"Ndiyo. Ndiyo maana sikuzaliwa. Viatu nivue?"

"Usivue, mjomba. Sakafu ina baridi."

Alimpeleka kwa Bibi Ghitl. Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Umenenepa," alisema.

"Nimefuata upande wa baba, mama mdogo."

"Na baba yako ni nani?"

"Lipa, yule fundi saa."

"Nilijua tu atamwoa," Bibi Ghitl alisema, akageukia ukutani, na mabega yake yakatikisika hadi giza lilipoingia. Nahum alikaa kando ya kitanda muda wote huo, mikono magotini, akingoja amalize.

Wengine walikuja wiki iliyofuata, kila siku wachache. Walikuja watoto wa Perl, na wajukuu wa Motl, na watoto wa hao wajukuu, na wengine ambao Danik hakuwataja ila walisikia kwa hao waliotajwa. Hawakuwa watakatifu. Mmoja angekuwa daktari wa upasuaji na hakuacha mtu asahau. Mmoja angefungwa kwa magendo ya sigara. Ndugu wawili kutoka kwa Motl hawakusemeshana, kwa kuwa wangegombana mahakamani juu ya urithi wa nyumba, na Mirra alipopanga nani akae wapi, kila mmoja alimvuta pembeni amwombe asiwekwe karibu na mwenzake. Alipanga, akafuta, akapanga upya. Wazee walitaka mbele kwa sababu ya masikio. Wenye watoto wachanga walitaka karibu na mlango. Ilikuwa ni kazi aliyoiota maisha yake yote, kugombana na ndugu juu ya viti, na sasa alipoipata alikuwa haoni usingizi, kwa sababu chumba cha juu ya duka la dawa kilitosha watu thelathini wakibana viwiko.

Wengi walipenda kusimama upande wa pili wa barabara, mbele ya nyumba fupi yenye madirisha ya buluu. Hapo ndipo alipozaliwa Bibi Ghitl. Sasa humo aliishi Mama Paraskiva, ambaye wazazi wake waliingia humo kiangazi kilekile, chungu cha supu kikiwa bado mezani. Alikuwa jirani mwema. Majira ya baridi alimletea Bibi supu ya kuku.

"Mirra!" aliita dirishani. "Waambie ndugu zako wasinikanyagie vitunguu!"

"Nitawaambia, Mama Paraskiva."

"Na huyo mwenye kofia, anatazama nini?"

"Anatazama nyumba."

"Basi atazame akiwa barabarani."

Mirra alimchukua Nahum, wakaenda kwa meya. Meya Ilarion alikuwa mtoto wa Mama Paraskiva. Alisoma darasa moja na Mirra, na hesabu zote alizofaulu alizinakili kwake.

"Mirra, wewe tena."

"Naomba ukumbi wa michezo. Jumamosi moja tu, asubuhi."

Ukumbi wa michezo ulikuwa sinagogi kuu ya mji hadi ilipochukuliwa. Juu ya mlango, chini ya rangi, herufi za Kiebrania zilionekana mvua ikinyesha.

"Jumamosi hiyo kuna mashindano ya mieleka ya wilaya," Ilarion alisema. "Na nyinyi mko wangapi? Si mmebaki konzi moja?"

"Tumeongezeka."

Meya alimtazama Nahum. "Huyu ni nani?"

"Nahum, wa kwa Perl. Hakuzaliwa."

"Karibu," Ilarion alisema, akainuka kidogo kwenye kiti, maana alilelewa vizuri. Nahum alikuwa akipitisha kiganja ukutani.

"Mmepiga lipu upya."

"Mwaka jana. Mji mzima tumeupiga. Shule, zahanati, mpaka kituo cha basi."

"Mchanga wa machimboni?"

"Wa wapi tena? Mchanga kama ule hupati wilaya nzima. Laini kama unga."

"Ni kweli," Nahum alisema. "Ni laini."

Nje mtu alikuwa akikata nyasi kwa mashine.

"Sikiliza, Mirra," Ilarion alisema. "Mimi sina ubaya na mtu. Lakini nikitoa ukumbi kwa watu ambao si wakazi, kesho nitaulizwa mimi. Wangezaliwa, lingekuwa jambo lingine."

"Wangezaliwa, ukumbi ungekuwa wao."

"Ndivyo," meya alisema, akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubaliwa hoja yake. "Ndivyo hasa. Msalimie sana Bibi."

Mirra alifika hadi kwenye ngazi za nje, akakaa chini. Alilia mdomo wazi, kama wanavyolia watoto, mkoba umemwangukia miguuni. Nahum aliweka mkono begani kwake, ila mkono haukuwa na uzito, na kwa hiyo Mirra hakujua kama upo.

Chumba hakikuwa shida kubwa kuliko zote. Jumatatu alikwenda kwa Mzee Kogut, daktari wa meno mstaafu, ambaye ndiye aliyetunza gombo la Torati na kuongoza sala. Gombo halifunguliwi, wala sala ya marehemu haisemwi, wanaume wakipungua kumi. Brinzova hawakuwa wamefika kumi kwa miaka mingi, na Bibi Ghitl hajawahi hata siku moja kuisikia sala hiyo ikisemwa kwa ajili ya Perl na Motl katika mji waliouawa. Hilo ndilo alilolitaka aliposema vizazi vyote. Wengine walidhani anataka sherehe. Mirra alijua.

"Danik akihesabiwa tunafika tisa," Mzee Kogut alisema. "Yefim ni wa kumi."

"Na Yefim asipowahi?"

Mzee alisafisha miwani yake.

"Mjini sasa kuna wanaume wa kujaza barabara," Mirra alisema. "Umewaona."

"Nimewaona. Mmoja alinisindikiza kutoka sokoni jana. Mtu wa adabu kweli."

"Basi wahesabu."

"Mirra Zalmanovna," mzee alisema, akimtaja na jina la baba yake kwa heshima, "anayehesabiwa ni aliyezaliwa. Aliyekufa naye ana mahali pake, tunamwombea. Hawa hawajafa."

"Wameuawa, Mzee Kogut!"

"Waliouawa ni wazee wao. Hawa hata hilo hawakulipata." Alivaa miwani, akaivua tena. "Sheria sikuitunga mimi. Ningeruhusiwa, ningewahesabu mpaka ulimi ukauke."

Ikabaki Yefim. Aliondoka Poland Jumatano. Alhamisi alipiga simu kutoka kwenye foleni ya mpakani, akasema foleni ni ndefu lakini inasogea. Ijumaa asubuhi akasema haisogei.

Ijumaa hiyo Mirra alisaga samaki. Sosia alikuwa naye jikoni tangu asubuhi. Huyu alikuwa mjukuu wa Motl, umri wake na wa Mirra ulikuwa mmoja, na alipomenya karoti kisu kilipita vizuri ila karoti ilibaki na ganda lake. Baadaye Mirra alizichukua akazimenya mwenyewe, bila kusema neno, na Sosia akaendelea na nyingine.

"Tungesoma darasa moja mimi na wewe," Sosia alisema.

"Tungekaa dawati moja."

"Ungeninyima penseli."

"Mimi? Wewe ndiye ungezitafuna zote!"

"Na huyo aliye meya sasa ungemfukuza, au ungemwachia anakili?"

"Ningemwachia. Nilimwachia."

"Mjinga wewe," Sosia alisema, na wakacheka mpaka Mirra akashika ukingo wa meza. Rafiki zake wote waliondoka Brinzova kabla Danik hajaanza shule. Hakuna mwanamke wa rika lake aliyewahi kumwita mjinga katika jiko lile.

"Mnakula?" aliuliza baadaye, bila kumtazama.

Sosia alichukua karoti nyingine. "Tupikie tu," alisema.

Basi Mirra aliwapikia. Alipika samaki wa kusaga na karoti, tambi za kuoka na zabibu, bilinganya za kuchoma, ugali wa njano na jibini la kondoo kwa ajili ya watoto, na mikate ya kusuka iliyojaa vitanda vyote viwili. Alipika kwa ajili ya kila aliyekuja, bila kumpunguzia mtu.

Jumamosi asubuhi wageni walijaa. Walijaa chumbani, kwenye ngazi, ndani ya duka la dawa kati ya rafu, na kandokando ya barabara hadi kwenye kituo cha basi. Mwenye duka alifungua madirisha kwa sababu ya joto. Ng'ambo, kutoka ukumbi wa michezo, zilisikika firimbi za waamuzi na miili ikitua kwenye mikeka. Kiti cha magurudumu cha Bibi Ghitl kilishindikana kupandishwa ngazi, na vijana wawili wa mieleka waliokuwa wakingoja zamu yao nje wakakiona, wakaja, wakambeba hadi juu kwa uangalifu kama wanabeba mayai. Mmoja alimwekea mto mgongoni. Kisha wakarudi mashindanoni.

"Wote wapo?" Bibi Ghitl aliuliza.

"Wote, Bibi," Mirra alisema. "Isipokuwa Yefim."

Wakangoja. Danik alisimama katika shati lake jeupe. Wanaume wanane walikaa mstari wa mbele, wengine na fimbo zao, na nyuma yao kulikuwa na nyuso zenye pua ileile, safu kwa safu. Simu ilipoita, Mzee Kogut aligeukia dirisha ili asione mtu anapokea simu siku ya Sabato.

"Niko palepale," Yefim alisema. "Mbele yangu malori mpaka macho yanakoma. Nimewaomba, Mirra. Nimepiga magoti kwenye lami mbele ya watu."

"Uliwaambia ni siku gani?"

"Niliwaambia. Wakauliza kama imo kwenye hati za mzigo."

"Utafika lini?"

"Mwambie asome kwa sauti kubwa," Yefim alisema, na simu ikakatika.

Mirra alimtazama Mzee Kogut, akatikisa kichwa. Kwa dakika moja alifikiri kwamba mzee atalegea. Alimwona akizungusha macho chumbani, taratibu, midomo ikichezacheza kama mtu anayeanza kuhesabu, akipita kwa Nahum, akipita kwa daktari wa upasuaji, na kwa wale ndugu wawili waliokuwa wamesimama kila mmoja kwenye pembe yake. Kisha midomo ikafumba. Pazia la kabati la Torati halikuguswa.

Danik alisoma fungu lake kutoka kwenye kitabu cha kuchapwa, bila baraka kabla wala baraka baada, kama mtu anayejizoeza. Sauti ilimkatika mara moja, akakohoa, akaendelea. Alisoma vizuri. Alipomaliza, chumba kizima kiliitika Amina, na ngazi zikaitika, na barabara, hata kule ng'ambo mwamuzi akasimamisha pambano kwa muda mfupi kabla ya kupuliza tena. Amina hiyo ilikuwa kubwa, na haikuhesabika.

Sala ya marehemu haikusemwa. Nahum aliijua neno kwa neno. Alisimama mikono mgongoni, akitazama viatu vyake.

Bibi Ghitl alingoja kidogo zaidi, kichwa ameinamisha upande wa sikio lake zima. Alipoona hakuna kinachofuata, alisema, "Mtoto amesoma kama mtu mzima. Haya, twendeni mkale."

Meza zilitandikwa uani. Walikaa kama Mirra alivyopanga, wakapakuliwa, wakashukuru, wakasifu. Wazee walitaniana na Danik, wakamuuliza kama ameshapata mchumba, akaona haya. Mtoto mmoja alianguka, akanyamazishwa. Hakuna sahani iliyopungua. Samaki walikaa kwenye majani yao ya saladi, na karoti juu, hadi jua lilipogeuka. Jioni wageni waliinuka wawiliwawili, watatuwatatu, wakashika njia ya kiwanda cha sukari wakilalamikia joto. Wale ndugu wawili walipita kila mmoja upande wake wa barabara. Sosia alibaki mwisho.

"Nije Ijumaa?" aliuliza.

"Njoo."

"Nitakuja. Ila usinipikie."

Jumapili kulipambazuka joto, na chakula kilikuwa bado kimejaa kwenye meza zote. Mirra hakuweza kukitupa. Alifunika sahani kwa vitambaa, yeye na Danik wakazigawa mtaani, nyumba kwa nyumba. Mama Paraskiva alipokea sahani kubwa kuliko zote. Meya Ilarion alikuwa pale kwa mama yake, akala samaki akiwa amesimama, akasema hajala kitu kitamu hivyo tangu utoto, akachukua kipande kingine. Vijana wa mieleka walikula. Dereva wa lori la mchanga alikula, akaomba mkate wa kupeleka nyumbani. Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa umeshiba.

Yefim alifika Jumatatu. Alimkumbatia Danik mlangoni kwa muda mrefu, kisha akalala na buti miguuni.

Siku hiyohiyo sahani zilirudi zimeoshwa. Brinzova hairudishwi sahani tupu, na kila moja ilikuja na kitu: mayai, kitunguu saumu, kipande cha nyama ya nguruwe kutoka kwa jirani aliyesahau kwamba wao hawaili. Ya Mama Paraskiva ilikuja imejaa cheri nyekundu, zingali na umande.

Mirra alimpelekea Bibi Ghitl sahani hiyo kitandani. Bibi alichukua moja, akaishika karibu na jicho, akaiweka mdomoni.

"Za mti wa nyuma ya nyumba," alisema. "Baba aliupanda mwaka aliozaliwa Motl."

"Unazaa bado, Bibi."

"Naona."

Alikula moja baada ya nyingine, bila haraka, akitema kokwa kwenye kiganja cha mjukuu wake, hadi sahani ikaisha. Kisha alifuta mdomo.

"Nenda kamwambie Paraskiva ahsante," alisema.

Mirra alivuka barabara, akaenda kumwambia.